Mbwa wa Simba na Jina Alilopewa

Huenda wako wasomaji watakaoshangaa kuona habari za mbwa katika kurasa hizi zilizozoea ngeli, vitendawili na mashairi. Lakini mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, alitujia akitaka shauri juu ya mbwa mkubwa anayeitwa kwa Kiingereza Rhodesian Ridgeback. Alikuwa ameahidiwa mtoto wa mbwa huyo, naye akataka kujua anafugwaje. Tulipoanza kutafuta habari za kumjibu tukajikuta tunasoma historia ya Afrika, tena sehemu yake iliyo chungu.

Kwanza jina lenyewe. Nchi iliyoitwa Rhodesia ilijipatia uhuru mwaka wa 1980 ikawa Zimbabwe, na mwaka wa 1982 mji wake mkuu, Salisbury, ukaitwa Harare. Mbwa amebaki na jina la zamani. Nusu ya pili ya jina hilo inataja ukanda wa manyoya ulioko mgongoni mwake: manyoya ya mwili mzima hulala kuelekea mkiani, bali haya hugeuka yakaelekea kichwani. Huanza nyuma ya mabega kwa mizunguko miwili iliyokabiliana, kisha ukanda hupungua upana mpaka karibu na nyonga.

Ukanda huo haukuletwa na Wazungu. Waholanzi walipotia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1652 waliwakuta Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo, wakiwa na mbwa wa namna hiyo. Mwanahistoria George McCall Theal alimweleza mbwa wa Wakhoikhoi kuwa kiumbe mwenye sura mbaya, mwili kama wa bweha, na manyoya ya mgongoni yaliyogeuka kuelekea mbele. Hata hivyo hakuweza kuificha sifa ya uaminifu wake. Kwa Kiswahili chetu angeitwa mbwa koko, akapigwa mawe njiani. Walowezi walikuja na mbwa wao wakubwa wa kuwindia na kulindia, wakawachanganya na hao wa wenyeji, maana waliona ya kwamba mbwa wa kigeni hushindwa na jua, kupe na miiba, na mbwa wa hapo hashindwi. Wakhoikhoi wenyewe walinyang'anywa malisho, na ndui ya mwaka wa 1713 ikawafagia kwa wingi. Alama ya mbwa wao ikaendelea kuishi katika migongo ya mbwa wa watu wengine.

Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm, wa London Missionary Society, alifika na mbwa wawili kwenye misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, katika nchi ya mfalme Lobengula wa Wandebele. Hapa inatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa Helm si mtu wa kupita tu katika historia, na kazi iliyompa jina yatuhusu sana sisi watu wa lugha: alikuwa mkalimani.

Tarehe 30 Oktoba 1888, Charles Rudd na wenzake wawili, waliotumwa na Cecil Rhodes, walipata alama ya Lobengula katika hati iliyowapa haki ya madini yote ya nchi yake. Kwa upande wao waliahidi pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000, na mashua ya vita ya kuwekwa katika mto Zambezi. Helm ndiye aliyemfasiria mfalme. Yeye mwenyewe aliandika baadaye ya kwamba wageni wale waliahidi kwa mdomo kutoleta Wazungu zaidi ya kumi kuja kuchimba, na kwamba wangetii sheria za nchi. Lakini ahadi hizo hazikutiwa katika hati. Mfalme alishika alilolisikia, Rhodes akashika kilichoandikwa. Lobengula alipotambua alivyofungwa aliikana hati hiyo, na mwaka wa 1889 wajumbe wake wawili wakafika London kumwona Malkia Victoria. Haikufaa kitu. Mwaka huohuo kampuni ya Rhodes ilipewa hati ya kifalme, mwaka wa 1890 msafara wake wenye silaha ukaingia Mashonaland, na mwaka wa 1893 Bulawayo ikatekwa. Miaka miwili baadaye nchi ikaitwa kwa jina la Rhodes. Kwa hiyo mbwa waliofika nyumbani kwa mkalimani wakaja kuitwa kwa jina la mtu aliyefaidika na ukalimani ule.

Kutoka Hope Fountain habari ni fupi. Mwindaji Cornelius van Rooyen aliwachanganya mbwa wa Helm na wake, akapata kundi lililosifika katika kuwinda simba. Tusidanganywe na masimulizi: mbwa hawa hawakumwua simba. Kazi yao ilikuwa kumzingira, kumrukia na kumkwepa, na kumbwekea asipate nafasi ya kukimbia mpaka mwenye bunduki afike. Mbwa mzito asingeweza, wala mwoga asingeweza. Na aliye jasiri bila akili hakurudi nyumbani. Mwaka wa 1922 F. R. Barnes aliwakusanya wafugaji huko Bulawayo, ukaandikwa wasifu wa mbwa huyu kwa kufuata ule wa Dalmatian. Marekani ilimkubali mwaka wa 1955.

Sasa tunafikia jambo lililotusumbua zaidi. Wasifu ukishaandikwa, ukanda ndio uliofanywa kuwa mbwa mwenyewe. Lakini hata wazazi wawili wenye ukanda huweza kuzaa mtoto asiye nao, na kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji waliwaua watoto hao wangali wachanga, ingawa walikuwa wazima kabisa. Mwaka wa 2007 wataalamu wa elimu ya urithi walionyesha ya kwamba ukanda hutokana na sehemu ya chembe za urithi iliyojirudia, na ya kwamba sehemu hiyohiyo huelekeza kwenye kasoro: kijitundu katika ngozi ya mgongo au shingo, ambacho huweza kushuka mpaka karibu na uti wa mgongo na kutunga usaha. Anayerithi ukanda kwa wazazi wote wawili yumo hatarini zaidi. Hivyo waliouawa ndio waliokuwa salama! Filamu ya televisheni ya BBC ya mwaka wa 2008 ilipoyatoa mambo haya hadharani, kelele zilikuwa kubwa, na masharti ya wafugaji wa Uingereza yakabadilishwa.

Basi tumrudie mwenzetu na swali lake. Mbwa dume hufika sentimita 63 hadi 69 mabegani, na uzito wa kilo 36 hivi; jike ni mdogo kidogo. Ni mnyama wa mbio. Akifungwa mnyororo mchana kutwa ataharibu kila kilicho karibu, na kosa si lake. Anahitaji matembezi marefu asubuhi na jioni, na ua ulioinuka. Lakini angali mdogo asikimbizwe mno, kwa kuwa viungo vyake havijakomaa kabla ya mwaka mmoja na nusu. Ni mkaidi, tena hukumbuka. Fimbo itamfundisha kukuogopa tu. Afunzwe mapema, kwa upole usiobadilika. Kifua chake ni kirefu, na tumbo laweza kuvimba na kujipinda ghafula, kwa hiyo apewe chakula mara mbili kwa siku wala asikimbie punde baada ya kula. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana huvunjika vipande vyenye ncha. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na kupe waondolewe kila siku, hasa masikioni na katikati ya vidole.

Asimchukue mtoto wa chini ya majuma manane. Siku ya kuchagua ampapase taratibu kwa vidole, toka kisogoni mpaka shina la mkia, akitafuta kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi. Akikiona, daktari wa mifugo aangalie kwanza. Aombe kumwona mama. Kisha amwulize mfugaji ni wangapi waliozaliwa bila ukanda, na wako wapi. Mwenzetu alifanya hivyo. Alionyeshwa wawili, wenye migongo laini, wakigombania kiatu nyuma ya nyumba, akarudi na mmoja wao.