Matope ya Safari: Magari ya Mashindano na Barabara Zetu

Maparoni ni kata ya mikoko na vijito katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti. Mtu aendaye huko huliacha gari bara akapanda mashua au mtumbwi, na mwendo wake tangu hapo huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Nahodha asiyeujua mkondo hupwelewa, na chombo kilichopwelewa hakina dawa ila kungoja. Huenda msomaji akashangaa kwa nini tunaanzia mahali kama hapo ili kueleza habari za magari ya mashindano. Sababu ni kwamba historia ya mashindano hayo, tukiitazama vizuri, ni historia ya matope, na watu wa delta wanayafahamu matope kuliko madereva wengi waliopewa vikombe.

Mashindano yalianza mwezi wa Mei, 1953, kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zote tatu zikiwa chini ya Waingereza. Asili yake, basi, ilikuwa ya kikoloni, wala hatuna haja ya kuificha. Walioshika usukani walikuwa hasa walowezi, pamoja na Waasia. Mwafrika, kwa sehemu kubwa, alikuwa mtazamaji kando ya njia, au msukumaji gari liliponasa. Hata neno lenyewe lilikuwa limetutoka mikononi. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote wa mbali, uwe wa harusini Kilwa au wa kwenda kuhiji Makka. Mgeni wa siku zile aliposema safari alikusudia bunduki na wanyama. Ajabu ni kwamba mashindano haya ya wageni ndiyo yaliyolirudisha neno karibu na maana yake ya asili: kuondoka, kupata taabu, na kufika.

Na kufika ndiko kulikokuwa kugumu. Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamekwisha kuingia. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 7 tu. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Milima ya Usambara na miteremko ya Mbulu ilipata sifa mbaya miongoni mwa madereva, kwa kuwa utelezi wake haukujali bei ya gari wala nchi lilikotengenezwa.

Yafaa tueleze pia kwa nini watu wa kawaida waliyapenda magari yale. Katika miaka ya mwanzo yaliyoshindana yalikuwa magari ya dukani, nayo yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake. Mfanyabiashara au mkulima mwenye Volkswagen aliweza kuona gari kama lake likijaribiwa mbele ya macho yake. Peugeot 404, ambayo wananchi waliiita Pijo tu, ilishinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Hiyo hiyo ilipakia abiria, magunia na kuku katika barabara za vumbi. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulipatikana kwa mikono ya Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Naye Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, ambaye watu walimwita Simba wa Safari, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya nyuma. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Tangu mwanzo hadi mwaka 1971 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyewashinda wakazi wa Afrika Mashariki, ingawa viwanda vikubwa vya Ulaya vilituma madereva wao hodari. Mbio walizijua; matope hawakuyajua.

Mwaka 1972 magari yaliondokea Dar es Salaam, na mwaka huo ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo kwa Ford Escort. Muda si mrefu baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Tunaamini kwamba wazee wengi wanaoyatamani magari ya zamani hawayatamani magari matupu. Wanatamani siku ambapo gari liliweza kutoka Kampala likapita Nairobi na kushuka hadi pwani yetu kama mtu apitaye vyumba vya nyumba moja.

Lakini tamaa hiyo ina upande mwingine, na hapa ndipo Rufiji inapotufundisha. Matope yaliyompa dereva sifa kwa siku nne au tano yalimfunga mwananchi kwa msimu mzima. Kwa miaka mingi aliyesafiri kwenda Kusini alitegemea kivuko cha Ndundu. Mto ukifurika, magari yalilala ukingoni, na mgonjwa, mwanafunzi na mzigo wa samaki vikalala pamoja nayo. Hapakuwa na saa ya kupimia wala kikombe cha mshindi.

Mwaka 2003 mambo mawili yalitokea. Lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, likauunganisha mto. Na katika mwaka huo huo yalianza mashindano ya magari ya kale, ambamo Datsun, Escort na Porsche za zamani huletwa kwa meli kutoka ng'ambo kuja kuitafuta ile taabu iliyopotea. Mara kadhaa yameingia hata Tanzania. Hatuwalaumu wanaoyapenda. Ila mkazi wa Kibiti aliyewahi kulala Ndundu ana haki ya kutabasamu anaposikia kwamba mtu amelipa fedha nyingi ili anase matopeni.

Majina ya washindi yamehifadhiwa vizuri. Ya mafundi wa gereji, mautingo na vijana waliosukuma hayakuandikwa. Waliokuwa vijana mwaka 1966 ni wazee sasa, na baadhi yao bado wako hai, Kibiti, Utete na kwingineko. Walimu wangefanya jambo jema kuwatuma wanafunzi kwao wakiwa na daftari, wawaulize gari lilinasuliwaje pasipo jeki, spea ilichongwa kwa chuma gani ilipokosekana, na katika vijito vya Maparoni nahodha aliutambuaje mkondo usiku.