Chuma Kigeukacho kwa Mkazo

Mhunzi hukipasha chuma cha pua hata kiwe chekundu, kisha hukichovya majini kipate ugumu. Mwaka 1895 Floris Osmond wa Ufaransa aliliita umbile hilo gumu martensiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens. Jina hilo halina taabu; taabu ni jina la jumla la kila mpangilio wa atomi ambao aloi huweza kuwa nao. Wasemao "hali" humfanya msomaji afikiri yabisi, maji na mvuke, ilhali chuma hapa hakiyeyuki kamwe. "Awamu" nayo yadokeza zamu za wakati. "Umbile" lafaa kuliko yote mawili.

Mgeuko wenyewe waweza kufananishwa na mambo ya Kivukoni, kwenye mto Kilombero karibu na Ifakara. Kabla ya daraja kuzinduliwa mwaka 2018, watu walivuka kwa mitumbwi au kwa pantoni. Atomi zigeukazo polepole katika joto ni kama wenye mitumbwi, kila mmoja na njia yake. Katika martensiti zote huvuka pamoja kama abiria wa pantoni, kila moja na jirani yake. Kwa hiyo sura ya chuma chenyewe hubadilika.

Madhali sura hubadilika, nguvu ya nje huweza kusaidia au kuzuia. Hapo ndipo J. R. Patel na Morris Cohen walipoanzia mwaka 1953. Katika aloi za chuma na nikeli walihesabu kazi ifanywayo na mkazo, wakaijumlisha na msukumo uletwao na kupoa. Mtelezo wa tabaka juu ya tabaka husaidia. Lakini martensiti hutaka nafasi kubwa zaidi: chuma kikivutwa hugeuka kingali na joto zaidi, kikibanwa pande zote hutaka baridi zaidi. Kikibanwa upande mmoja tu, mtelezo hushinda, nacho hugeuka mapema vilevile, ijapokuwa si kama kikivutwa.

Bondeni humo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Juu ya reli za chuma, popote duniani, magurudumu huweza kufanya ngozi nyembamba, ngumu, yenye kuvunjika upesi, ambamo martensiti imeonekana na nyufa huanzia. Wataalamu wamebishana kama huzaliwa na joto la msuguano au na mkazo. Mwandishi wa Kiswahili akiiita "chuma kilichochovywa", amekwisha kuamua shauri hilo bila kulisikiliza.