Kwa nini mbono haukuwasha taa za Songea

Aprili 2006 Serikali iliunda Kikosi Kazi cha Taifa cha Nishati ya Mimea, kiandae njia kwa mafuta ya magari na mitambo yatakayotoka shambani badala ya kisimani. Miaka 20 imetimia. Ukipita Songea ukauliza habari za bayodizeli, utaoneshwa ua wa mbono nyuma ya nyumba ya mtu, na hapo ndipo mambo yalipoishia.

Inashangaza kidogo, kwa sababu kama kuna mji nchini uliostahili mafuta hayo, ni huu. Gridi ya taifa iliishia Makambako. Songea ilikuwa kisiwa cha umeme, ikiendeshwa na majenereta ya TANESCO yaliyokunywa dizeli mchana na usiku, na kila lita ililetwa na lori la tangi kwa zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Njombe, hadi kwenye kona za Lukumburu. Lori lenyewe nalo linakunywa dizeli njiani. Wakati huohuo mbono, ule ambao wazee wengine huuita mbono kaburi kwa kuwa hupandwa kwenye makaburi, unamea wenyewe uani, mbuzi hawaugusi, na mbegu yake ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake. Hesabu ilionekana nyepesi: kamua, mimina, washa taa.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Kwenye Maonesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, injini aliyobuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa mafuta ya injini, akili yote ikiwa kwenye mawese ya Kongo, na mwaka uliofuata basi la abiria likaendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Basi halikuendeshwa Kisangani. Mbegu za Afrika, tangi la Ulaya: ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza.

Kusini mwa Tanzania tulikwisha kuonja ladha ya jambo hilo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ulifyeka mapori ya Nachingwea, Kongwa na Urambo ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Ulimeza pauni zipatazo milioni 36 na ukatuachia reli ya Mtwara, ambayo nayo iling'olewa baadaye.

Fundi yeyote wa mashine za kusaga anaweza kueleza kwa nini mafuta ya mbono hayamiminwi tu kwenye tangi. Ni mazito kuliko dizeli. Injini kongwe ya aina ya Lister huyavumilia, hasa yakipashwa moto kwanza, lakini kwenye injini za kisasa nozeli huziba na masizi hujaa. Ndiyo sababu yanapikwa: sehemu kumi za mafuta kwa sehemu moja hadi mbili za methanoli, pamoja na kostiki soda kidogo ya kuchochea, kisha gliserini hujitenga ikashuka chini na bayodizeli hubaki juu. Kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja. Lakini methanoli ni sumu, inashika moto haraka, na huagizwa kutoka nje kama dizeli ileile unayotaka kuikwepa. Mafuta yakiwa na unyevu, au mbegu zikiwa zimekaa ghalani mpaka zikachacha, unapata sabuni badala ya mafuta. Na hata ukifaulu, bayodizeli hufyonza maji, huharibika ikikaa muda mrefu, hulainisha mipira ya asili kwenye mifumo ya zamani ya mafuta, na huzoa uchafu wote uliolala tangini hadi kwenye chujio. Ile ya mawese huanza kuganda kwenye baridi ya kawaida tu. Asubuhi ya Julai hapa Songea inatosha kuitia ukungu.

Hayo yote ni matatizo ya fundi, na fundi hupata dawa. Kilichoua bayodizeli Tanzania kilikuwa kingine: ardhi. Kwa maelezo mazuri zaidi ya jambo hilo hakuna budi kurudi kwenye utafiti wa Emmanuel Sulle na Fred Nelson, uliochapishwa mwaka 2009 na taasisi ya IIED ya London.

Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Umoja wa Ulaya ulikwisha kujiwekea lengo kwamba asilimia 5.75 ya mafuta ya vyombo vya usafiri itoke kwenye mimea ifikapo 2010. Kampuni zikamiminika. Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa hekta 8,211 Kisarawe, kwenye ardhi ya vijiji 11. SEKAB ya Sweden ikataka miwa Bagamoyo na Rufiji kwa ajili ya ethanoli. Kigoma, FELISA ikaenda na mawese. Lakini mkasa wenyewe hasa ulikuwa Kilwa.

BioShape, kampuni kutoka Uholanzi, ilikuja na ndoto ya kulima mbono kwenye hekta 81,000. Ilipata kama 34,000, katika vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Eneo hilo si jangwa lisilofaa, kama vipeperushi vya siku zile vilivyopenda kuuelezea mbono na mahali pake. Ni misitu ya miombo na ya pwani, yenye mpingo na mninga. Kabla mbono haujashika, misumeno ilishika. Uvunaji wa mbao ulikuwa sehemu ya mradi, na wakosoaji wakauliza kama hii ni kampuni ya mafuta au ya magogo.

Fidia ililipwa. Hapo ndipo Sulle na Nelson wanapoweka kidole kwenye kidonda: asilimia 60 ya fedha ilibaki Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, na vijiji vyote vinne vikagawana asilimia 40. Ardhi ilikuwa ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lakini mwenye kijiji akapokea fungu dogo la mali yake. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo wengi kwenye mikutano ya vijiji hawakulielewa walipokuwa wakinyoosha mikono kukubali. Ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya kijiji, ni lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, kisha apangishwe, hata kwa miaka 99. Ikishahama, haina njia ya kurudi yenyewe. Mwekezaji akifilisika, kijiji hakirithi kitu.

Na alifilisika. BioShape ilianguka mwaka 2010, ikaacha sehemu ndogo tu imepandwa, na vijiji vikabaki vikitazama pori lao ambalo kisheria si lao tena. Sun Biofuels ilifuata 2011. Mamia ya vibarua wa Kisarawe wakakosa kazi, makaburi ya ukoo yakiwa ndani ya eneo la watu wengine. Serikali, iliyokwisha kusimamisha miradi mipya mwaka 2009, ilitoa miongozo ya nishati ya mimea Novemba 2010, wakati harusi imekwisha na wapishi wamelala. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kikosi kazi kilihitaji zaidi ya miaka minne kuandika kile ambacho wazee wa Mavuji wangeweza kukieleza kwa jioni moja.

Mafuta ya mbono wa Tanzania yalifika mbali, hilo tukiri. Desemba 30, 2008, ndege ya Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka kutoka Auckland, injini yake moja ikila mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mafuta ya mbono na mafuta ya kawaida ya ndege, na sehemu ya mbegu ilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Majenereta ya Songea hayakuonja hata lita.

Kulikuwa na walioacha ardhi mikononi mwa wenyewe. Diligent ya Arusha, nayo ya Waholanzi, ilinunua mbegu kutoka kwa wakulima wadogo waliozichuma kwenye nyua zao, ikazikamua na kugeuza makapi kuwa kuni. Shirika la TaTEDO lilifunga mashine vijijini, kama Leguruki huko Arumeru, injini moja ikisaga na kuzalisha umeme. Zote zilikwama kwenye hesabu moja. Lita moja ya mafuta hutaka kilo nne hadi tano za mbegu, na mchumaji wa uani hupata kilo mbili tatu kwa saa. Bei inayomlipa mchumaji humshinda mwenye injini. Bei anayoimudu mwenye injini humfanya mchumaji arudi kwenye mahindi. Mashudu ya alizeti huuzwa kwa wafugaji, lakini ya mbono yana sumu. Leguruki injini mara nyingi ilirudi kwenye dizeli.

Desemba 2009, utafiti uliofanyika Kenya kwa ajili ya shirika la maendeleo la Ujerumani ulisema waziwazi kwamba mbono haumlipi mkulima mdogo, si peke yake shambani wala ukichanganywa na mazao mengine. Unalipa ukipandwa ua. Bibi zetu hawakuombwa maoni yao, wala hawakulipwa posho ya ushauri.

Taa za Songea ziliwashwa na watu wengine kabisa. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa maji wa megawati 5 kwenye maporomoko ya Tulila, Mto Ruvuma, na mwaka 2015 wakaanza kuiuzia TANESCO umeme. Mwaka 2018 njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako ikafika, na Rais John Magufuli akaizindua Aprili 2019. Sehemu ya fedha ilitoka Sweden, kupitia Sida, shirika lilelile lililokataa mwaka 2009 kuidhamini SEKAB kwa mkopo. Ni nadra mkopo ulionyimwa na msaada uliotolewa kuonekana vyote viwili kuwa uamuzi mzuri.

Malori na mashine za kusaga bado vinataka dizeli, na ya Ruvuma siku hizi huletwa zaidi kupitia bandari ya Mtwara, kwa barabara ya lami inayopita Masasi, Tunduru na Namtumbo. Bayodizeli yenyewe imerudi kwa jirani. Kampuni ya Eni ya Italia inanunua mbegu za nyonyo kwa wakulima wa Kenya na kuzikamua Makueni bila kuchukua mashamba yao. Shehena ya kwanza ya mafuta hayo iliondoka Mombasa Oktoba 2022 kwenda kiwanda cha Gela, kisiwani Sicily.