Lushoto: Njia za baiskeli na mbinu za kuendesha milimani

MJI wa Lushoto, mkoani Tanga, umejulikana kwa hewa yake ya ubaridi tangu enzi ya Wajerumani, waliouita Wilhelmstal na kuufanya mahali pa mapumziko. Uko katika Milima ya Usambara Magharibi, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi hufika kutembea kwa miguu, lakini njia zake huwafaa pia waendesha baiskeli, ili mradi wazifahamu kabla ya kuzikabili.

Njia iliyo fupi ni ile ya kwenda Irente, takriban kilomita sita kutoka mjini. Hupita kati ya mashamba na vijiji hadi ukingoni mwa mlima, ambako ardhi hukatika ghafla na tambarare ya Mombo huonekana chini kabisa. Humfaa anayeanza, kwani huweza kwenda na kurudi kwa nusu siku.

Njia ya pili huelekea Magamba, kwenye msitu wa hifadhi ya mazingira asilia. Hapa mwinuko ni mkali zaidi, na ukungu huweza kushuka hata mchana. Anayetaka kuingia msituni hulipa kiingilio kwanza, na ni busara kuongozana na mwenyeji anayezijua njia. Haifai kuacha njia iliyopo na kukata mpya, kwa kuwa maji ya mvua huufuata mfereji wa tairi na kuubeba udongo.

Wazoefu huendelea hadi Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima upande wa kaskazini, umbali wa takriban kilomita 60. Safari hiyo huhitaji kulala huko, si kurudi siku hiyo hiyo.

Barabara ya lami ya kutoka Mombo kupitia Soni ina urefu wa kilomita 33, na hupanda karibu mita 1,000. Ni nyembamba, ina kona kali, na upande mmoja ni korongo. Mabasi na malori huipita kutwa nzima. Mwendeshaji ashike kushoto, avae kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana, wala asikate kona kwa kuingia upande wa pili.

Katika kupanda, gia nyepesi ibadilishwe kabla mwinuko haujaanza, maana mnyororo uliokazwa na uzito huweza kuruka au kukatika. Ni afadhali kubaki kitini na kuzungusha miguu kwa mwendo mmoja kuliko kusimama na kumaliza nguvu mapema.

Hatari kubwa zaidi imo katika kushuka. Breki zikishikiliwa mfululizo hupata moto na kupungua nguvu. Kwa baiskeli zinazobana rimu, joto hilo huweza hata kupasua mpira. Zibanwe kisha ziachiwe, mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kona, na uzito wa mwili uelekezwe nyuma. Penye changarawe, breki ya mbele ikibanwa kwa nguvu humwangusha mtu. Mwenda pole hajikwai.

Kabla ya kuondoka, breki, tairi na mnyororo vikaguliwe. Pampu, mpira wa ndani wa akiba, maji ya kutosha na koti la mvua visikosekane, kwani mafundi ni wachache nje ya mji.

Kipindi bora ni Juni hadi Septemba, wakati njia zimekauka, ingawa usiku huwa na baridi kali. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza na maporomoko huweza kufunga barabara.

Ikumbukwe kwamba njia hizo ndizo wapitamo wanafunzi, mifugo na wakulima wanaopeleka mboga sokoni. Kengele, mwendo wa taratibu na salamu humpa mgeni nafasi ya kupita kwa amani.