Kuteleza na skii mlimani: hatua ya pili baada ya kujua kusimama

Kutoka Musoma hadi Bunda hakuna theluji ya kutelezea, na Butiama kwa Mwalimu ndiyo kabisa. Ila vijana wa Mara wanasoma Ujerumani, wengine wanafanya kazi Dubai, na huko mwaliko wa kwenda kuteleza na skii huja siku yoyote. Dubai kuna mteremko wa ndani ya jengo, Ski Dubai, tangu 2005. Lesotho wana Afriski, juu ya mita 3,000, msimu wake ni miezi ya baridi ya kusini, Juni hadi Agosti.

Hata Tanzania ina historia yake. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii. Barafu ya Furtwängler iliyoko kileleni, ambayo inazidi kuisha, ina jina la huyo wa kwanza.

Mkenya Sabrina Simader, aliyezaliwa 1998 na kuhamia Austria akiwa mtoto mdogo, alishindana kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2018 Pyeongchang. Kwa hiyo mchezo huu siyo wa "wazungu tu".

Kutoka V hadi sambamba

Anayeanza hufundishwa kubana ncha za mbele za skii na kutanua nyuma, zikawa kama V iliyopinduliwa. Inapunguza mwendo vizuri kwenye mteremko mdogo. Kwenye mkali, mapaja yanawaka moto na breki hazishiki. Hapo ndipo hatua ya pili inapoanza: skii mbili kwenda sambamba.

Siri iko kwenye uzito. Anayekata kona kwenda kushoto anakandamiza skii ya kulia, yaani ile ya nje ya kona. Akienda kulia, anakandamiza ya kushoto. Ukingo wa chuma wa skii hiyo ndio unaong'ata theluji.

Kosa kubwa la ngazi hii ni kuegemea nyuma kwa woga. Mwili unataka kuukimbia mteremko, lakini ukirudi nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na skii hazigeuki tena. Ni kama bodaboda anayeshuka kilima kwenye utelezi: tairi la mbele likipoteza uzito, usukani unabaki pambo. Magoti yapinde kidogo, ugoko uguse ulimi wa kiatu mbele, macho yaangalie kona inayofuata, siyo miguu.

Mwendo unapunguzwa kwa umbo la kona. Mtu anaimalizia kona mpaka anaelekea pembeni, hata juu kidogo, na kasi inakufa yenyewe. Anayekatiza kona nusunusu anajikuta anashuka kama jiwe.

Kitu kingine ambacho wengi wanakiruka ni kuteleza kwa ubavu: skii zikiwa zimekingama mteremko, kingo zinalegezwa na mtu anashuka polepole. Haina mbwembwe, lakini ndiyo inayomtoa aliyejikuta kwenye njia iliyomzidi. Kwa rangi za Ulaya, njia ya bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Marekani bluu ndiyo ya kati, hapo watu huchanganya.

Sheria za njiani

Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni 10. Iliyo muhimu zaidi: aliye mbele ana haki ya njia, na anayetoka nyuma ndiye wa kukwepa. Kusimama ni pembeni, siyo katikati wala nyuma ya mwinuko ambapo hauonekani. Kabla ya kuondoka, tazama juu.

Mtu akianguka na kuumia, skii mbili zinachomekwa theluji kwa kupishana juu yake, ili wanaoshuka wamkwepe. Namba ya dharura Ulaya ni 112.

Poromoko

Theluji inayoporomoka ndiyo inayoua nje ya njia zilizopangwa. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo hatari zaidi, hasa baada ya theluji mpya nyingi, upepo mkali au joto la ghafla. Tangazo la hatari Ulaya lina ngazi 1 hadi 5. Neno "ngazi ya 3" linasikika la wastani, ila vifo vingi hutokea siku za ngazi hiyo.

Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika 15 hivi. Baada ya hapo hewa inaisha haraka. Ndiyo maana wenzake wanatakiwa kuwa na kifaa cha kutoa na kunasa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Mvuvi wa Mwigobero hatoki ziwani bila kuusoma upepo. Mgeni wa ngazi ya kati asikanyage nje ya njia, hata wenyeji wakimcheka.

Mengine ya mwili

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Juu ya mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma na kichefuchefu kuja. Ikizidi, dawa ni kushuka. Helmeti na miwani ya jua ni lazima, theluji inarudisha mwanga machoni. Bima isomwe kabla ya safari, maana nyingi hazigusi michezo ya theluji, na helikopta ya uokoaji hulipiwa. Wengi huumia mchana wakiwa wamechoka, kwenye ule mshuko wanaouita "mmoja wa mwisho".