Uwililugha wa Upande Mmoja: Sensa, Uhamaji na Sera ya Lugha Kazakhstan

Wanaodai kwamba sera ya lugha ya Kazakhstan imefaulu hukimbilia sensa ya 2009. Asilimia 74 ya wakazi walisema wanaelewa Kikazakhi kinapozungumzwa; asilimia 94.4 wakasema hivyo kuhusu Kirusi. Kwa msingi huo nchi ikasifiwa kuwa ya lugha mbili, na mpango wa serikali wa 2011–2020 ukalenga asilimia 95 ya watu wazima wajue Kikazakhi. Makala haya yanapinga usomaji huo wa takwimu.

Chimbuko la hali yenyewe halina ubishi mkubwa. Njaa ya miaka ya mwanzo ya 1930 iliua Wakazakhi zaidi ya milioni moja. Kuanzia 1954 walowezi wakamiminika kulima nyika za kaskazini. Sensa ya 1959 ikawakuta Wakazakhi ni kama asilimia 30 katika jamhuri yao wenyewe. Mageuzi ya elimu ya 1958 yakawaachia wazazi wachague lugha ya kufundishia, hali vyuo na kazi za mjini vilikuwa vya Kirusi. Mkazakhi wa Alma-Ata akampeleka mwanawe shule ya Kirusi. Mrusi hakuona haja ya Kikazakhi. Sheria ya 1989 ilikifanya Kikazakhi lugha ya dola, lakini Katiba ya 1995 ikaruhusu Kirusi kitumike sambamba nacho katika ofisi za umma.

Sasa tuichambue ile asilimia 74. Miongoni mwa Wakazakhi, waliosema wanaelewa lugha yao walikuwa takribani 98 kwa mia. Miongoni mwa Warusi, ilikuwa robo tu. Tuchukue viwango hivyo viwili na kuvitumia kwa makundi haya mawili peke yake. Mwaka 1989 Wakazakhi walikuwa asilimia 39.7 ya wakazi wote na Warusi 37.8, hapo wanaoelewa Kikazakhi wangekuwa kama 62 kwa mia. Mwaka 2009, Wakazakhi wakiwa 63.1 na Warusi 23.7, wangefika 78. Kwa mgawanyo wa 2021, yaani 70.4 na 15.5, wanakaribia 85. Hesabu imepanda kwa zaidi ya alama ishirini bila mtu hata mmoja kujifunza neno! Kilichobadilika ni nani yupo: Warusi waliohama, hasa katika miaka ya 1990, Wakazakhi waliozaliwa kwa wingi zaidi, na wenzao zaidi ya milioni moja waliorejea kutoka Mongolia, China na Uzbekistan.

Na hata ile 98 inatia shaka. Mtafiti Bhavna Dave ameonyesha kwamba katika sensa Mkazakhi hutaja lugha ya kabila lake kama sehemu ya utambulisho, hata kama nyumbani huzungumza Kirusi. Naye mtafiti David Laitin, katika kitabu chake cha 1998, alieleza uchaguzi wa lugha kuwa hesabu ya wazazi wanaotazama wenzao watafanya nini. Nadharia hiyo ni makini, ila inamchukulia mzazi kama mtu asiyeondoka. Mrusi wa Kazakhstan alikuwa na njia ya tatu, nayo ni treni ya kwenda Urusi.

Watetezi wa sera watajibu kwamba leo zaidi ya asilimia 60 ya wanafunzi husoma kwa Kikazakhi. Ni kweli, na ni jambo kubwa kwa lugha iliyokuwa imefukuzwa mijini. Lakini wanafunzi hao karibu wote ni Wakazakhi, wengi wao watoto wa waliohamia mijini kutoka vijijini. Mzigo wa kujua lugha mbili bado unabebwa na kundi lilelile lililoubeba enzi ya Kisovieti.

Kipimo cha haki ni Warusi waliozaliwa baada ya 1991, waliofundishwa Kikazakhi kama somo la lazima na kubaki nchini. Hao wafuatwe kutoka sensa moja hadi nyingine, mkoa kwa mkoa, kuanzia kaskazini. Mpaka hilo lifanyike, hakuna asilimia ya kitaifa inayoweza kuthibitisha kwamba sheria imemfundisha mtu yeyote Kikazakhi.