Lile dude la Turin

Wadau, leo historia ya magari kidogo. Mwaka 1911 Fiat walikuwa na S76, gari la kuwapiku Benz wa Ujerumani kwa mwendo. Silinda nne tu, lakini lita 28.4! (Kigari cha mtaani kina lita moja na nusu, piga hesabu mwenyewe.) Mwaka 1913 kule Ostend, Ubelgiji, Arthur Duray alivuka kilomita 200 kwa saa, ila hakuweza kurudia upande wa pili, rekodi ikaota mbawa.

Yalitengenezwa mawili. Muingereza Duncan Pittaway akachukua fremu ya moja na injini ya jingine, bodi ikachongwa upya, na mwaka 2014 likawaka tena likitema moto. Sasa nyie mnaosema gari la kale linauzwa bei mbaya likiwa halisi tu, hili mtaliitaje? Mimi nasema ni halisi. Injini na fremu zote ni za S76, jamani!